Fahamu: Mchezaji huru aliyewagawa mashabiki wa Dallas

Mwishoni mwa 2022, mashabiki wa Dallas Cowboys walikuwa na ubishi mmoja: timu yao imsajili Odell Beckham Jr. au imwache?

Katika futiboli ya Marekani, mdakaji ndiye anayekimbia mbele kudaka mpira wa kurushwa. Cowboys walikuwa wamemhamisha mdakaji wao Amari Cooper kwenda Cleveland Browns Machi mwaka huo, na pengo lake lilionekana. Beckham, naye mdakaji, alikuwa mchezaji huru, asiye na mkataba, kwa hiyo hakuna klabu ya kulipwa fidia. Lakini goti lake lilikuwa limeumia Februari, kwenye fainali ya Super Bowl, ile ile aliyofunga akiwa na Los Angeles Rams.

Waliomtaka walitazama jina. Waliompinga walitazama goti na hesabu, kwa kuwa ligi yao, NFL, huwekea kila timu ukomo wa mishahara. Mwaka 2022 ulikuwa dola milioni 208.2. Kwangu mimi, hoja ya hesabu ilikuwa nzito zaidi.

Desemba, Cowboys walimchukua mdakaji mwingine huru, mkongwe T.Y. Hilton. Mkesha wa Krismasi, dhidi ya Philadelphia Eagles, katika jaribio la tatu huku zikihitajika yadi 30 ili kuendelea na shambulizi, Hilton alidaka mpira wa yadi 52. Cowboys walishinda 40–34.

Beckham alisajiliwa na Baltimore Ravens Aprili 2023. Msimu huo alidaka mipira 35.