Je, Wajua? Injini ya Gumzo Isiyo na Dirisha

Je, wajua kwamba programu ya gumzo ya Pidgin na ile ya Adium, ya kompyuta za Mac, zilitumia injini moja? Pidgin ilianza mwaka 1998 kwa jina la Gaim, kazi ya Mark Spencer, aliyetaka watumiaji wa Linux nao wazungumze kupitia huduma ya gumzo ya AIM. Lakini kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi lilifanywa na waliompokea kijiti: waliutenga msimbo unaozungumza na seva na ule unaochora dirisha. Msimbo huo wa kuzungumza na seva ukawa maktaba, iliyopewa jina la libpurple mwaka 2007. Ukibonyeza kitufe cha kutuma, dirisha hukabidhi maneno tu. Libpurple ndiyo huyafunga kwa itifaki ya XMPP au IRC na kuyasafirisha. Ndiyo maana programu nyingine ya gumzo, Finch, iliweza kuendesha gumzo kwenye skrini ya maandishi matupu bila kuandika itifaki upya.

Atasema mtu kwamba kazi hiyo ilikwenda bure, kwani AIM ilifungwa Desemba 15, 2017. Ni kweli hakuna maktaba inayofufua seva iliyozimwa. Lakini kila itifaki ilikuwa programu-jalizi ya peke yake, hivyo AIM ilipokufa, XMPP na IRC hazikuguswa. Wengine huona kwamba kufuata itifaki za kampuni zisizotoa nyaraka ni kujitafutia usumbufu, maana mwenye seva akibadili kitu, gumzo hukatika. Usumbufu huo upo, ila rekebisho lilifanyika mahali pamoja, na Pidgin, Adium na Finch zote zikafaidika.