Kompyuta ikitekenya mkono, usikimbilie kuirudisha

Huwa inaanza hivi. Mzigo wa kompyuta mpakato kumi na mbili zilizotumika, zile zenye bodi ya alumini inayong'aa kama sufuria mpya, unatoka Dubai hadi Dar es Salaam. Kariakoo zinachomekwa moja baada ya nyingine, zote zinawaka, betri zinapokea chaji. Zinafungwa, zinavuka Rusumo, zinamfikia mteja Kigali. Siku ya tatu simu inaita: "Kaka, hizi mashine zina shoti. Ukiweka mkono zinang'ata." Mteja anataka hela yake, na anaitaka leo.

Kwa mfanyabiashara hesabu hiyo ni chungu. Kurudisha mashine ng'ambo ya mpaka ni nauli, ni karatasi za forodha, ni siku mbili duka limefungwa. Na kwa kuwa bidhaa hizi hazikutengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hauzihusu. Halafu lipo jina. Neno "shoti" likishamfuata muuzaji sokoni, halimwachi upesi.

Mteja huyo hadanganyi. Akipitisha kidole polepole juu ya bodi ya mashine iliyo kwenye chaji, anahisi kitu kama mtetemo, kama vile alumini imegeuka kitambaa kigumu. Akigusa pembe kwa sehemu laini ya mkono, inamchoma kidogo. Akiwa peku juu ya sakafu ya saruji, inazidi. Akivaa kandambili za mpira, inapungua. Akichomoa chaja, yote yanakoma palepale. Ni umeme kweli. Ila mara nyingi mashine yenyewe ni nzima, na kilichobadilika kati ya Kariakoo na Kigali ni tundu la ukutani.

Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia plagi ya Kiingereza ya pini tatu bapa. Ukivuka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo, nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, unakutana na soketi za matundu ya duara. Nyingine zina njia ya ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini, na nyingine, hasa za nyumba za zamani, zina matundu mawili tu basi. Mteja aliyepokea chaja yenye pini tatu bapa anakwenda dukani kununua adapta ya bei ndogo. Adapta hiyo inapokea pini tatu upande mmoja na kutoa mbili upande wa pili. Ile ya tatu, ya ethi, imeishia ndani ya plastiki.

Hapo ndipo mtekenyo unapozaliwa. Chaja ya kompyuta huukatakata umeme wa ukutani maelfu mengi ya mara kwa sekunde ili kuushusha kutoka volti 220 au 240 hadi 19 au 20. Ukataji huo huzaa vurugu ya mawimbi inayoweza kuharibu redio na vifaa vya jirani, kwa hiyo watengenezaji huweka ndani ya chaja kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa umeme mdogo. Kapasita hiyo huruhusu umeme kidogo sana kupenya. Ethi ikiwepo, umeme huo unashuka ardhini na hakuna anayejua kama ulikuwepo. Ethi isipokuwepo, unakaa juu ya bodi ya mashine ukisubiri njia, na mkono wa mtu aliyekanyaga saruji ni njia.

Fundi akiweka mita kati ya bodi na ardhi anaweza kuona volti 90, 100 au zaidi, akatoa macho. Akiweka bisibisi ya testa, taa yake inawaka, na kesi inahukumiwa hapo hapo: mashine mbovu. Lakini testa ni shahidi asiyejua kupima uzito. Huwaka kwa umeme mdogo usio na madhara sawasawa na inavyowaka kwa ule wa kuua. Kinachodhuru mwili ni wingi wa mkondo unaopita ndani yake. Kwa chaja zilizotengenezwa bila ethi, viwango vya kimataifa viliweka kikomo cha robo ya miliampia. Kile kifaa cha usalama kwenye ubao wa umeme, kinachokata umeme unapovuja kupitia mtu, kwa kawaida hungoja hadi miliampia 30, yaani mara 120 ya kikomo hicho.

Ule mtetemo chini ya kidole si jambo la leo, wala halikuja na kompyuta. Mwaka 1953 Mmarekani Edward Mallinckrodt na wenzake wawili waliuandika katika jarida la Science, baada ya yeye kugundua kwa bahati kwamba kishikio cha shaba cha taa kilikuwa na mguso tofauti taa ikiwa imewaka. Umeme unaopanda na kushuka huivuta ngozi kavu na kuiachia, tena na tena, na kidole kinachotembea kinasoma mvuto huo kama mkwaruzo. Ukibonyeza kwa nguvu au ukituliza kidole, unapotea.

Hata hivyo muuzaji anayemjibu kila mteja "hiyo ni kawaida, usiogope" anacheza na maisha ya watu.

Kuna chaja za bandia zilizojaa katika masoko yote ya ukanda huu, nyepesi mkononi, maandishi yamepinda, ambazo ndani yake kapasita ya usalama imebadilishwa na ya kawaida, au nyaya za umeme mkubwa zimepita karibu mno na za umeme mdogo. Kapasita halisi ya kazi hiyo imeundwa ili ikifa ikate njia. Ya kawaida inaweza kufa ikiwa imefungua njia, na hapo bodi ya alumini inabeba umeme wote wa ukutani.

Hatari ya pili haimo ndani ya chaja kabisa, na ndiyo inayosahaulika. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu ilhali nyuma ya ukuta waya wa ethi haukuvutwa, au umevutwa ukaachwa bila nondo ardhini. Ekstensheni moja inahudumia friji, birika na kompyuta. Njia za ethi za vifaa hivyo zinakutana ndani ya ekstensheni, lakini haziendi kokote. Birika likivujisha umeme kwenye bati lake, umeme huo unarudi kwa waya wa ethi na kupanda hadi kwenye bodi ya kompyuta. Mwenye mashine anatupwa mkono, na lawama anabebeshwa muuzaji wa Kariakoo. Wapo pia mafundi wanaounganisha ethi na nyutro ndani ya soketi ili testa inyamaze. Siku nyutro ikikatika, kila kifaa cha bati kilichochomekwa kwenye soketi hiyo kinaweza kubeba umeme wa ukutani.

Na ipo desturi ya kuvunja pini ya ethi ili plagi iingie, au kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi ya Kiingereza ili plagi ya pini mbili ipite. Chaja iliyotengenezwa kutumia ethi huruhusiwa kupoteza umeme mwingi zaidi, kwa sababu mtengenezaji aliamini ethi ipo. Ukiivunja pini yake, mtekenyo unaweza kuwa mkali kuliko wa chaja ya pini mbili ya asili. Hii ya asili hutambulika kwa alama ya mraba ndani ya mraba iliyochapwa kwenye lebo, maana yake haihitaji ethi. Pini ya tatu kwenye chaja kama hiyo, ikiwepo, huwa ya plastiki, kazi yake kufungua vifuniko vya soketi tu.

Kwa hiyo simu ya mteja ikija, maswali yanatangulia kabla ya ahadi yoyote ya kurudisha hela. Je, inang'ata ikiwa kwenye betri peke yake? Kama haing'ati, tatizo liko upande wa chaja, waya au ukuta. Umechomeka moja kwa moja ukutani au kwenye ekstensheni, na kuna kitu gani kingine hapo? Unatumia adapta? Basi apeleke mashine na chaja yake mahali penye ethi ya uhakika, ofisini au dukani kwa fundi umeme aliyeipima, achomeke kwa waya wenye ethi kamili, bila adapta. Mtekenyo ukiisha, mashine ni nzima. Usipoisha, ajaribu chaja halisi nyingine. Na kama ilimtupa mkono badala ya kumtekenya, kama chaja inanuka, inanguruma au inakatisha umeme wa nyumba, hapo hakuna mjadala: asiichomeke tena, na muuzaji ambadilishie chaja. Hilo ni deni lake.

Zipo dalili nyingine zinazoletwa na ukosefu huohuo wa ethi, na wateja huzihesabu kama ubovu tofauti: kishale kinarukaruka kwenye kioo mashine ikiwa kwenye chaji, maikrofoni inavuma. Na muuzaji mwenyewe awe mwangalifu anapojaribu mashine kwa kuiunga na televisheni. Waya wa picha uchomekwe kabla ya kuwasha chochote, maana ule umeme uliokaa kwenye bodi unaweza kukimbilia njia hiyo na kuchoma tundu lake. Mashine iliyokuwa nzima asubuhi inauzwa jioni kama spea.

Dawa ya sehemu kubwa ya ugomvi huu ni kipande cha waya. Chaja nyingi za kompyuta za ofisini hupokea umeme kwa waya unaochomoka, wenye kichwa cha matundu matatu. Huo unaweza kubadilishwa bila kugusa chaja. Kwa mzigo wa Kigali, Bujumbura au Goma unanunuliwa ule wenye plagi nene ya duara, yenye pini mbili, vibati vya ethi ubavuni na tundu la kupokea pini ya ethi inayochomoza kwenye soketi za huko. Kwa mzigo wa Kampala au Mombasa, ule wa pini tatu bapa. Nyaya zilizokuja na mzigo kutoka Dubai zinatenganishwa kabla ya kufunga maboksi, na kila boksi linaandikwa kwa kalamu nene jina la mji linakokwenda.