Ulibana, Je, Uliachilia?

Ukiwa kwenye matatu ya 46 kwenda Kawangware, makanga akisema "songa", hata nafasi ya mguu inapotea. Lugha ya C nayo iko hivyo. Strakti yenye char kisha int kwa kawaida ni baiti 8: kompaila huacha 3 wazi ili int ikae mahali pake. Ukiandika #pragma pack(1), zinabaki 5. Lakini skia: heda ikiisha, amri haiishi. Heda zinazofuata zinabanwa pia. Faili nyingine ikihesabu 8, namba zinavurugika kimyakimya. Manze, hivyo ndivyo nilivyopoteza mteja wa tao, wiki mbili nikilaumu kifaa chake. Wewe usirudie: fungua kwa #pragma pack(push, 1), funga kwa #pragma pack(pop).