Neno "Milele" katika Ardhi ya Dhahabu ya Kakamega

Makala haya yanafafanua jinsi ahadi ya kisheria ilivyobatilishwa huko Kakamega, magharibi mwa Kenya. Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya 1930 iliwatengea Waafrika maeneo yao "milele"; sehemu ikitwaliwa, walipaswa kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Mwishoni mwa 1932 sheria ilirekebishwa, ikaruhusu fidia ya fedha. Hata hivyo, ardhi na fedha si visawe: ardhi hurithiwa na hubeba makaburi ya wazee, ilhali fedha huisha. Mgodi wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952. Jina lake lingali likitumika kuitia mahali hapo. "Milele" ya sheria ilidumu miaka miwili tu.