Nyumba ya Kigusii Juu ya Meza

Tabaka inaishi kwa jiwe. Katika vilima hivi vya Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, wanaume hushuka machimboni na mitalimbo na sululu, wakapandisha mabonge ya jiwe laini ambalo Wakenya hulijua kama jiwe la Kisii. Kuna jeupe, la waridi, la kijivu, hata jeusi. Sanamu kubwa za wana wa eneo hili zimefika mbali: Ndege wa Amani wa Elkana Ong'esa yuko kwenye makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hata hivyo, riziki ya kila siku hutegemea zaidi vitu vidogo. Kuna kiboko anayeenea kiganjani, kete za sataranji, vibakuli, vinara vya mishumaa, na Familia Takatifu ya kupamba sebule wakati wa Krismasi.

Mkono unaoweza kumtoa tembo katika kipande cha jiwe kinacholingana na kidole gumba una ustadi wote unaohitajika kuchonga jiwe la kusagia, mafiga au bakuli la kuwekwa ndani ya kijumba cha wanasesere. Hapo ndipo Tabaka inapokutana na uraibu mmoja wa zamani ambao bado una wafuasi wengi Ulaya na Marekani: kujenga, kupamba na kuwekea samani vijumba vinavyoonyesha maisha ya enzi fulani.

Vijumba hivi si vya mtoto kuchezea. Tangu mwanzo vilikuwa kazi ya watu wazima. Mnamo 1558 Albrecht V, mtawala wa Bavaria, alikamilishiwa kijumba kilichojaa samani, na hicho huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza kujulikana. Huko Amsterdam, Petronella Oortman alikipamba chake kati ya mwaka 1686 na 1710. Aliagiza vyombo vya kauri kutoka China na kuwapa kazi maseremala na wachoraji, mpaka gharama ikakaribia bei ya nyumba halisi ya kando ya mfereji. Leo kijumba hicho kimo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Uingereza ilijibu kwa kijumba cha Malkia Mary, kilichobuniwa na msanifu Edwin Lutyens na kujengwa kati ya mwaka 1921 na 1924. Kina umeme, maji ya bomba, na maktaba ya vitabu vidogo ambavyo baadhi yake viliandikwa na waandishi mashuhuri wa wakati huo. Nchini Marekani, Narcissa Niblack Thorne aliwasimamia mafundi waliotengeneza vyumba vya enzi mbalimbali, na 68 kati ya hivyo vinaonyeshwa katika Art Institute of Chicago.

Kazi hizo zinavutia kwa sababu ya nidhamu ya kipimo. Skeli inayotumika zaidi ni moja kwa kumi na mbili: sentimita moja ya kijumba ni sentimita 12 za nyumba halisi. Mlango wa mita 1.8 unakuwa wa sentimita 15. Kigoda cha sentimita 30 kinabaki na sentimita 2.5. Mtu wa sentimita 168 anakuwa mwanasesere wa sentimita 14. Kitu kimoja kikikosea kipimo, jicho hukigundua mara moja na chumba chote hugeuka rafu ya mapambo. Ndiyo maana wazoefu hununua rula nzuri kabla ya kununua gundi.

Sasa fikiria kijumba cha Wagusii, wenyeji wa Kisii, cha miaka ya 1900 hivi. Kuta zake ni za mviringo, za fito na udongo. Paa ni la nyasi, limechongoka juu. Nyumba yenye upana wa mita 6 itahitaji ubao wa msingi wenye nafasi ya sentimita 50, na asiye na meza kubwa anaweza kutumia skeli ya moja kwa 24, upana ukawa sentimita 25. Ndani, ukuta hutenga upande wa kupokelea wageni, eero, na upande wa mama mwenye nyumba. Nje kuna ekiage, ghala la wimbi lililosukwa kwa fito, likainuliwa kutoka ardhini na kuezekwa kwa nyasi. Boma la mume mwenye wake kadhaa lilikuwa na nyumba ya kila mke, kwa hiyo anayependa kazi hii anaweza kuanza na nyumba moja na kuongeza nyingine miaka ikisonga.

Samani za nyumba kama hiyo ni chache, lakini kila moja ina kazi yake. Kuna jiwe la kusagia wimbi, mafiga matatu, vyungu, na ekee, kikapu kilichosukwa cha kuandalia obokima, yaani ugali. Kuna chungu cha pombe ambacho wazee walikizunguka wakinywa kwa mirija mirefu, chinkore. Kuna kigoda cha miguu mitatu, ambacho Wagusii walikipamba kwa shanga zilizopachikwa kwenye kikalio. Kwenye ukuta wa eero inafaa kuegemezwa obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi nane, ambacho kwa kipimo kidogo kinaweza kutengenezwa kwa nyuzi za kushonea na kipande cha ngozi nyembamba.

Katika orodha hiyo, jiwe la Tabaka linafaa sana kwa vitu vizito: jiwe la kusagia, mafiga, vyungu na mabakuli. La kijivu hutoa jiwe la kusagia bila kuhitaji rangi. La waridi likipakwa rangi ya udongo hutoa chungu. Kwa kigoda, mti ni bora zaidi, kwa sababu miguu ya jiwe yenye unene wa milimita mbili huvunjika kwa urahisi. Shanga zake zitiwe kwa nukta za rangi kwenye ncha ya pini, kwani hata shanga ndogo kabisa ya dukani itaonekana kubwa mno.

Namna Tabaka inavyofanya kazi inalingana na mahitaji hayo. Bonge hukatwa kwa msumeno na panga, umbo likatolewa kwa kisu na tupa. Kwa kawaida wanaume ndio wachongaji. Wanawake huchukua hatua inayofuata, nayo ndiyo inayokipa kitu uhai. Hukisugua kwa msasa ndani ya maji, kwanza msasa mkali kisha laini, wakakikausha na kukipaka nta hadi king'ae. Wengine hukitia rangi, kisha wakachora nakshi kwa ncha kali ili weupe wa jiwe ujitokeze chini ya rangi. Mabaki ya sanamu kubwa hayatupwi yote, kwani vipande hivyo ndivyo huwa mioyo, mayai na wanyama wadogo. Kwa kijumba cha wanasesere, basi, hakuna haja ya kuchimba jiwe jipya. Kinachotakiwa ni kile ambacho tayari kimelala chini ya kibanda cha mchongaji.

Anayetaka kuchonga mwenyewe nyumbani anaweza kuanza na kisu, tupa ndogo na msasa. Jiwe lilowekwe kwanza na lichongwe likiwa na unyevu, na kazi ifanyike nje kwa barakoa, kwa sababu vumbi la jiwe likivutwa siku nenda siku rudi huumiza mapafu. Hatari hiyo inawahusu zaidi mafundi wa Tabaka wanaofanya kazi hii kutwa. Mteja anayewajali atakubali kulipia kazi iliyofanywa taratibu na kwa maji.

Makosa ya kipindi ni mengi na hujificha. Punje ya wimbi ina upana wa kama milimita moja na nusu. Ikimwagwa kwenye kijumba cha skeli ya 12, itaonekana kama tunda la karibu sentimita mbili. Badala ya punje, vumbi la jiwe lililochanganywa na rangi ya kahawia hufanana vizuri na unga wa wimbi. Sufuria ya bati, mtungi wa plastiki na paa la mabati havina nafasi katika nyumba ya wakati huo. Wazee wa familia wanafaa kuulizwa mapema, wakiwa bado na kumbukumbu ya nyumba za bibi zao. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa Lang'ata mwaka 1971, ilijenga nyumba za jamii mbalimbali za Kenya, Wagusii wakiwemo, kwa ukubwa wa kawaida, na vielelezo vya namna hiyo humsaidia fundi kujua pembe ya paa na urefu wa kuta.

Si lazima enzi iwe ya mbali. Nyumba ya mkulima wa kahawa wa Kisii, miaka michache baada ya uhuru wa 1963, ingependeza vilevile. Kahawa ya wakulima Waafrika ilianza hapa katika miaka ya 1930. Paa lingekuwa la mabati, kuta mraba, viti vya mbao vikiwa vimefunikwa vitambaa vya kufuma, redio juu ya meza na kandili kwenye msumari. Wapenzi wa pwani wangechagua nyumba ya mawe ya Lamu. Upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, takriban mita 2.8, yaani kama sentimita 23 katika kijumba. Zidaka zake, zile safu za vishubaka vya ukutani, zingechongwa katika jiwe jeupe la Tabaka, na hivyo Kisii ingeipambia Lamu ukuta.

Kuagiza kitu kwa fundi wa Tabaka kunahitaji karatasi moja iliyochorwa vizuri. Mchoro uonyeshe kitu kutoka mbele na kutoka juu, vipimo viandikwe kwa milimita, na rangi ya jiwe itajwe. Fundi aambiwe wazi kuwa kitu kitawekwa karibu na vingine, kwa hiyo ukubwa wa kila kimoja ulingane na wa vingine. Aombwe sampuli moja kabla ya kazi yote, na malipo yahesabu muda, si uzito wa jiwe, maana chungu cha sentimita 4 kinaweza kumchukua muda mrefu kuliko bakuli la matunda. Mwanzo mzuri ni seti ya vitu vitano: mafiga, chungu, jiwe la kusagia, bakuli na kuku wa sentimita 3 wa kusimama mlangoni. Vikishafika na kupangwa juu ya ubao, ndipo ukuta wa kwanza wa fito usimamishwe kuvizunguka.