Macbeth Pasipo Ngome

Mtu apewapo tanzia kongwe aihamishe kutoka jukwaani kwenda kwenye televisheni, tamaa ya kwanza impatayo aghalabu ni ya kuongeza: ngome ya mawe, farasi, ukungu wa milimani, na kila fahari ambayo ukumbi haukuimudu. Mwongozaji Trevor Nunn alipunguza, na kwa rai yangu ndiyo sababu Macbeth yake, iliyorushwa na kampuni ya Thames nchini Uingereza Januari 1979, ingali ikitazamwa hata leo.

Mchezo ulianzia Stratford mwaka 1976, katika The Other Place, jumba dogo la mabati la Royal Shakespeare Company, ambamo watazamaji waliketi kulizunguka duara la waigizaji. Philip Casson alipokabidhiwa kamera hakujenga kasri. Aliliacha giza lizizunguke nyuso, hata jicho la mtazamaji likakosa pa kukimbilia ila machoni mwa Ian McKellen na Judi Dench, waliomwigiza Macbeth na mkewe. Maneno ambayo katika ukumbi mkubwa hayana budi kupazwa yafike safu ya mwisho, hapa hunong'onwa. Na mnong'ono wa mtu anayekusudia kuua hutisha kuliko ukelele wake.

Waliousoma mchezo huu kwa tafsiri ya Samuel Mushi ya 1968 watakumbuka kwamba karamuni mzimu wa Banquo, aliyeuawa kwa amri ya Macbeth, huingia ukaketi mahali pa mfalme. Kamera ingaliweza kuuleta kwa hila nyepesi, lakini Nunn aliuzuia: Macbeth anapatolea macho mahali patupu, wageni hawaoni kitu, nasi hatuoni kitu, na kwa hiyo tunajikuta tumeketi pamoja na wageni, tukimwonea haya mwenyeji wetu kabla ya kumwogopa.

Yachekesha kidogo kwamba Desemba 1978 BBC ilionyesha As You Like It, mchezo wa furaha, uliopigwa picha kwenye ngome ya Glamis huko Uskochi, ilhali Macbeth, bwana wa Glamis kwa daraja na jina, hakupewa hata ukuta mmoja.

Ubahili huo, hata hivyo, una gharama yake. Dhamiri ya mtu mmoja huenea usoni mwake, bali vita haviwezi. Jeshi lijalo Dunsinane nyuma ya matawi ya Birnam lataka uwanja, na studio ile haikuwa nao. Tukilisadiki, twalisadiki kwa kuwa McKellen amekwisha kulisadiki.