Ukoka wa Uwanjani na Kuunywesha Maji

Watu wengi wa nchi kavu, kama vile Ugogo upande wa Dodoma, hupanda ukoka mbele ya nyumba na kando ya kanisa. Kazi hiyo ni njema, maana ukoka huzuia vumbi na kuushika udongo usichukuliwe na maji ya mvua. Lakini Dodoma mvua ni za miezi michache, tangu Desemba hata Aprili, na miaka mingi hazifiki milimita 600. Basi yafaa tujue namna ya kuunywesha ukoka pasipo kupoteza maji, wala kuwachosha wayatekao.

Wengi hunyunyiza kidogo kila jioni. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Neno hilo ni kweli kwa fedha na nafaka, lakini kwa majani sivyo. Maji machache hulowesha udongo wa juu tu, na jua la kesho huyakausha. Mizizi nayo hufuata maji: ikiyapata juu, hukaa juu. Siku mkikosa kunyunyiza, majani hunyauka, kama mbegu zile za penye mwamba tunazozisoma katika Injili.

Afadhali kunywesha mara chache na kushibisha. Milimita 25 kwa juma hutosha, yaani lita 25 kwa kila meta ya mraba, ndiyo debe moja na robo kwa debe la lita 20. Mwageni asubuhi na mapema, kabla ya jua kali na upepo. Mchana maji mengi hupotea kuwa mvuke, na majani yakilala yameloa usiku huweza kupata ukungu. Maji yakitiririka juu ya udongo mgumu, ngojeni yanywewe, kisha mwageni tena. Halafu chomekeni chuma chembamba: kikiingia shibiri moja pasipo shida, ardhi imeshiba. Msimwage tena hata mwone majani yaliyokanyagwa hayainuki. Hiyo ndiyo dalili ya kiu. Wala msiyakate mno, kwa kuwa majani marefu kidogo huitia ardhi kivuli.

Sasa tufanye hesabu. Uwanja wa meta 4 kwa 5 wataka madebe 25 kila juma. Ni nani atakayeyateka? Mara nyingi ni mama na binti, tena kwa vichwa vyao. Baba akiwatuma madebe hayo kwa ajili ya uzuri wa uwanja, na binti akachelewa shule, amenywesha majani na kuikausha nyumba yake.

Kwa hiyo, maji yakiwa mbali, acheni ukoka ulale. Hata ukigeuka rangi ya udongo, mashina yake yaliyo chini hayafi upesi, na mvua za Desemba huyaamsha. Apendaye kutunza kipande kidogo mlangoni, na atumie maji yaliyokwisha kuogewa au kusuuziwa nguo, yasiyo na sabuni nyingi wala dawa ya kung'arisha nguo.

Mgeni akiukuta uwanja mkavu mwezi wa Oktoba, na ndani mtungi umejaa, amekaribishwa vema.